Nyumba ya Mabati ya Buluu

Mvua ilipoanza kumwagika, mtaa mzima wa maduka ya vitambaa ulikimbilia baraza moja. Wachuuzi, wapagazi na wateja wakabanana hapo na mizigo yao. Katikati yao alikuwamo dada mmoja mshona mapazia, kavaa gauni la zambarau, kakumbatia jora la kitambaa kama mtoto ili lisilowe. Mara mkokoteni ukamkanyaga mguu kijana mrefu aliyekuwa na vumbi la saruji mpaka kwenye kope. Kijana akatoa tusi, lakini si kwa Kiswahili. Alilitoa kwa lugha ya kwao, tusi la kizee la kufukuzia mbuzi shambani, na kwenye baraza lote lile akacheka mtu mmoja tu, yule dada.

Kijana akageuka, aibu imemjaa. "Wewe umesikia nini?"

"Nimesikia umemfukuza mwenye mkokoteni asile mahindi yako."

Mvua ikakatika, watu wakatawanyika, wao wawili wakabaki wamesimama. Kumbe vijiji vyao vilitenganishwa na kijito tu. Kijana alikuwa mwashi, anajenga ghorofa upande wa juu wa mtaa uleule, na utotoni aliwahi kukimbizwa na mbwa wa baba mdogo wa yule dada. Alionyesha kovu, naye dada akamwambia mbwa yule alikuwa na akili sana.

Mapenzi yao yalianza hivyo. Kijana akamwita dada Bi Pazia, naye dada akamwita Saruji. Kila jioni simu ililia katika chumba cha Bi Pazia, ambacho dirisha lake lilitazama ukuta wa jengo la pili, karibu kiasi cha kuupaka rangi bila kutoka ndani. Akisikia sauti ya Saruji, ule ukuta ulisogea. Walizungumza habari za nyumbani tu: nani kaoa, kijito kimejaa au kimekauka, umande wa asubuhi unavyochoma miguu. Jirani yake, msusi wa nywele, alimuuliza kama wanapendana au wanaendesha mkutano wa kijiji.

Alichokisimulia zaidi Bi Pazia ni nyumba ya udongo aliyoachiwa na marehemu mama yake. Paa lilivyovuja, wakawa wanahamisha kitanda usiku kucha wakitafuta pakavu. Mlango uliopinda. Panya waliotembea juu ya kenchi za paa kama wenye nyumba. Alisimulia kwa kicheko, na kila mara akamalizia kwa pumzi ndefu, kwamba laiti angekuwa pale sasa hivi.

Saruji alicheka naye. Lakini alikuwa mwashi, na masikio yake yalisikia kazi. Yeye alimsikia mwanamke anayetaka kurudi kwao na hana pa kulala.

Jambo moja Bi Pazia hakulisimulia. Hakulificha, ila lilikuwa bado halijapata maneno.

Kisha Saruji akapata kazi nje ya mji, au ndivyo alivyosema. Simu zikawa fupi. Siku moja nyuma yake kikasikika kicheko cha mwanamke, na alipoulizwa ni nani, akasema ni mpita njia. Msusi akatikisa kichwa, akasema wapita njia wa namna hiyo anawafahamu, mmoja wao ndiye aliyeondoka na mume wake. Bi Pazia akanuna, akaacha simu ilie mpaka ikachoka. Mwisho akapokea.

"Panda basi Jumamosi, uje nyumbani. Vaa vizuri."

"Nivae vizuri kwa ajili ya nani? Ya mpita njia?"

"Huyo ni mke wa baba yako mdogo, mpenzi. Wewe njoo tu."

Akashona gauni jipya, la manjano, lenye mikono mifupi. Njiani moyo ulimpiga kama cherehani.

Alipofika, ndugu wote walikuwa uani. Pale palipokuwa na nyumba ya mama yake ilisimama nyumba ya matofali, yenye mabati ya buluu na madirisha ya vioo. Mke wa baba mdogo akapiga vigelegele. Saruji alikuwa kavaa shati jeupe lililopigwa pasi, na mikono yake mikubwa hakujua aiweke wapi.

"Mapazia nimekuachia wewe," akasema. "Nilitaka nikuulize mbele ya wakubwa. Nikubalie. Tuwe tunakuja hapa, mimi na wewe na watakaozaliwa."

"Ile ya mama iko wapi?"

"Ndiyo hii. Nimeijenga palepale. Udongo wake sikuutupa, wote nimeujazia kwenye msingi."

Bi Pazia akaingia ndani. Akafunga mlango, akapapasa ukuta ulio nyuma yake. Ulikuwa baridi, laini, umenyooka kwa timazi ya mwashi. Saruji akamfuata, akidhani anaikagua kazi, na hapo ndipo Bi Pazia alipomwambia. Mama yake aliikandika nyumba kila kiangazi. Mwaka wa mwisho, ugonjwa umeshamshika, alifika nyuma ya mlango akaishiwa nguvu, hakuweza kupitisha kitambaa kusawazisha. Udongo ukakauka na michirizi ya vidole vyake. Kila Bi Pazia aliporudi kijijini, alifunga mlango, akaweka vidole vyake mlemle.

Saruji akaegemea ukuta.

"Niliiona ile michirizi," akasema taratibu. "Nilianzia hapo kubomoa. Nilisema aliyekandika hapa alikuwa mzembe."

Nje watu walikuwa wanacheka.

"Ungeniambia," akasema Saruji.

"Ningekuambia."

"Naweza kuukandika tena. Ukuta huu mmoja tu. Kazi ya udongo naijua."

"Utaukandika kwa mkono wa nani?"

Bi Pazia akamfuta chokaa begani, akatoka, akawaambia wakubwa kwamba anashukuru sana, na kwamba hawezi kukubali.

Mjini msusi alimwona kama aliyerukwa na akili. Kajengewa nyumba nzima, akasema, wakati wenzake wanajengewa maneno. Bi Pazia akakaa kwenye cherehani, akapinda mapindo ya watu.

Siku nyingi zilipita kabla Saruji hajapiga tena. Alikuwa kazini, mji mwingine.

"Baba yako mdogo anauliza nani atakaa pale."

"Akae anayeihitaji."

"Bado unanipenda?"

"Nakupenda," akasema. "Ndiyo maana sitaki nikae mle na wewe, nikakuchukia kila ninapofunga mlango."

Upande wa pili mashine ya zege ilikuwa inanguruma, na mtu akawa anaita fundi, fundi.

"Nenda," akamwambia. "Wanakuita."