Sauti ya Kukhu Nangila

Kila asubuhi ya likizo, jua likishaanza kuwa kali, kazi ya Nanyama ilikuwa moja: kutandaza turubai uani, kumwaga mahindi juu yake, kuyasambaza kwa miguu, kisha kuyalinda. Adui zake walikuwa mbuzi wa jirani. Mbuzi hao hawakuwa na haya hata kidogo. Ukiinama kufunga kamba za viatu, ukiinua kichwa tayari wako katikati ya turubai wakitafuna.

Zamani kazi hiyo aliifanya na nyanya yake, Kukhu Nangila. Kukhu alikuwa akikaa barazani akisimulia mambo ya kale, na katikati ya masimulizi angepaza sauti, "We Nanyama! Mbuzi hao!" Nanyama angeruka mara moja. Kisha Kukhu alifariki, na boma lao karibu na Misikhu likawa kimya. Nanyama, aliyekuwa na umri wa miaka kumi na miwili, hakukizoea kimya hicho hata baada ya mwaka mzima.

Mama yake, Mwalimu Phelista, alikuwa amerekodi masimulizi ya Kukhu miezi michache kabla ya kifo chake. Zilikuwa rekodi kumi na nne, zote ndani ya laptopu aliyoletewa na kaka yake kutoka Nairobi. Jumamosi ya wiki hiyo, Desemba ya mwaka 2006, ukoo wote ungekusanyika kwa ibada ya ukumbusho na kuweka msalaba kaburini. Mama alikuwa amemwahidi kila mtu kwamba watamsikia Kukhu akiongea.

"Laptopu haiguswi," Mama alikuwa ameonya. "Hata ikiwa na vumbi, nitaipangusa mwenyewe."

Jumatatu Mama alienda sokoni, akaiacha laptopu ikichajiwa sebuleni. Nanyama aliichomoa, akaibeba hadi uani, akaiweka juu ya kigoda kando ya turubai na kufungua rekodi ya kwanza. Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa amemkumbuka Kukhu, basi.

Sauti ilitoka vilevile alivyoijua, nzito na ya polepole. Nanyama alifumba macho. Kukhu alikuwa amefika pale baba yake alipovuka mto Nzoia akiwa ameshikilia gogo, mara akapaza sauti: "We Nanyama! Mbuzi hao!"

Nanyama aliruka kabla ya kufikiri. Mguu wake ulinasa kwenye kigoda, na laptopu ikaanguka chini, puu, huku Kukhu akiendelea kusema. Kisha ikanyamaza. Nanyama aligeuka huku na huku. Uani hapakuwa na mbuzi hata mmoja.

Aliiwasha mara mbili, wapi! Kioo kilibaki cheusi, na kutoka ndani kukasikika mlio mdogo: ka, ka, ka. Aliifuta vumbi na kuirudisha sebuleni. Mama aliporudi na kuiwasha, alishika kichwa. Nanyama akajisikia akisema, "Stima ilipotea, Mama. Halafu ikarudi na nguvu mingi. Nikaichomoa mbio."

Uongo huo ulikubaliwa bila swali. Umeme ulikuwa ukipotea kila siku, na kila mtu alikuwa na kisa chake. Jirani alikumbuka redio yake iliyoungua. Mchungaji aliiombea laptopu. Jambo baya zaidi ni kwamba Mama alimkumbatia na kusema, "Asante mtoto wangu, angalau wewe ulikumbuka kuichomoa." Nanyama alitamani achapwe badala ya kushukuriwa.

Jumanne waliipeleka kwa fundi mmoja mjini Bungoma. Fundi aliiwasha, akaizima, akaiwasha tena. Ka, ka, ka. Nanyama alihesabu mara sita. Kila mara alifungua mdomo aseme, na kila mara Mama alimtangulia kueleza habari za stima. Sasa uongo ulikuwa umemzunguka pande zote. Angemwambia nani, na aanzie wapi?

"Hii imenishinda, Mwalimu," fundi alisema hatimaye. "Jaribu Kitale kwa Kiptanui. Yeye ndiye mtu wa diski, pale vitu vyote huhifadhiwa."

Jumatano walikuwa Kitale, katika chumba kidogo nyuma ya duka la mbegu. Kiptanui alikuwa mtu mpole mwenye miwani. Alifunga mlango na dirisha ili vumbi lisiingie. Nanyama alibanwa pembeni, kati ya ukuta na kompyuta kuukuu zilizopangwa hadi darini. Joto lilikuwa jingi, na hakuwa na pa kwenda.

"Ilianguka?" Kiptanui aliuliza akifungua skrubu.

"Hapana, ni hii stima yetu," Mama alijibu.

"Basi itakuwa kile kibao cha umeme chini ya diski kimeungua. Niko na diski ingine kama hii, nitahamisha kibao chake. Tutakuwa tukiwasha na kuzima mpaka ishike." Alitabasamu. "Afadhali haikuanguka. Ile imeanguka, kila ukiiwasha inajikwaruza ndani. Inamaliza yenyewe vitu vyote."

Nanyama alikumbuka ule mlio, ka, ka, ka. Akisema, Mama ataaibika mbele ya fundi, na mchungaji, na ukoo mzima. Akinyamaza, Kukhu ataondoka mara ya pili, na safari hii yeye ndiye atakuwa amemfukuza. Alitazama kidole cha Kiptanui kikisogea kwenye swichi ili aijaribu kwanza.

"Usiwashe!"

Kidole kilisimama. Mama aligeuka.

"Ilianguka," Nanyama alisema, machozi yakimtoka. "Hakukuwa na stima imepotea. Nilikuwa nasikiliza Kukhu. Aliniita nifukuze mbuzi, nikaruka. Nisamehe, Mama."

Mama aliketi taratibu, mkono kwenye shavu.

"Ilianguka ikiwa imewashwa?" Kiptanui aliuliza, bila hasira.

"Ndiyo."

"Na baada ya hapo imewashwa mara ngapi?"

"Mimi mara mbili. Mama moja. Fundi wa Bungoma mara sita."

Kiptanui alipiga mluzi. "Mara tisa! Basi hii imebakisha pumzi kidogo sana. Tuachane na kibao. Nitaiunganisha na kompyuta yangu mara moja tu, tuchukue kile mnataka kwanza, bila kuzungukazunguka. Mwalimu, uliweka wapi?"

Mama alibabaika. "Niliweka… si ni ndani ya mitihani? Ama kwa barua?"

"Ziko kwa folda ya kwaya, Mama," Nanyama alisema. "Chini kabisa, baada ya nyimbo."

Kiptanui alienda moja kwa moja. Rekodi ya kwanza ilinakiliwa polepole hadi ikaisha. Ya pili. Ya tatu. Walipomaliza ya tisa, mlio ulirudi, ka, ka, ka, ukawa mkali, kisha diski ikanyamaza kabisa. Haikuamka tena.

"Tisa kati ya kumi na nne," Kiptanui alisema. "Ningeendelea na ile habari ya stima, hata moja hatungepata. Ingekuja ile siku ilianguka, pengine tungepata zote." Alizitia kwenye sidii mbili. "Moja ikae kwako, Mwalimu, na ingine kwa mtu mwingine. Usiweke kitu cha maana mahali pamoja."

Nje, Mama alisimama akizishika sidii hizo kifuani. "Hilo la kutoweka nakala ni kosa langu," alisema. "Lakini Jumamosi watu watauliza zingine tano ziko wapi. Wewe ndiye utawaambia."

Aliwaambia. Alisimama mbele ya shangazi, wajomba na mchungaji, akaeleza kila kitu, hata habari ya stima. Mchungaji alikohoa kidogo. Kisha spika zilizoazimwa kanisani zikafunguliwa, na sauti ya Kukhu ikajaa boma lote. Wazee waliinamisha vichwa. Kukhu alifika mtoni, penye gogo, na mara:

"We Nanyama! Mbuzi hao!"

Watu waliangua kicheko huku wakifuta machozi. Nanyama alijikuta amesimama wima, akitazama upande wa turubai.

Mama alimshika mkono. "Sikiliza," alimwambia kwa sauti ya chini. "Fundi hakuweza kututengenezea mpaka alipojua kilichoharibika. Nami ni hivyo hivyo. Ukikosea, niambie siku hiyo hiyo, ikiwa bado kuna kitu cha kuokoa." Kisha akamvuta karibu yake. "Sasa keti, mwanangu. Hakuna mbuzi."