Jina Lililoachwa Nje ya Fomu

Walikutana kwenye foleni ya mashine za kufulia, Frankton, kitongoji cha mji wa watalii wa Queenstown, Jumapili moja ya Oktoba, watu wamebanana. Ngaire, mtandika vitanda wa hoteli, alivaa sweta ya kijani iliyomkaa vizuri; Lachlan, fundi bomba, alikuwa na matope hadi magotini.

"Dada, unafua au unalinda mashine?"

"Nailinda. Kwa matope hayo utaiua."

Baada ya miezi minane mahaba yalikuwa yamewakolea. Lachlan alikuwa akilala kwenye gari lake, Ngaire kwenye lake pamoja na mama yake mwenye pumu. Queenstown ina vitanda chungu nzima, ila si vya wanaovitandika.

Tumaini lilikuwa shirika la nyumba. Tajiri akiruhusiwa na halmashauri kugeuza malisho kuwa mtaa, sharti akabidhi shirika viwanja kadhaa bure, zijengwe nyumba za wafanyakazi wa hapa. Kwa hiari asingetoa hata kimoja, mimi matajiri nawajua. Lachlan mwenyewe ndiye aliyefunga mabomba ya nyumba hizo.

Zamu ya Ngaire ya kuomba nyumba ilipofika, Lachlan aliiona fomu yake: wakazi wawili, mama na binti. Akampigia simu.

"Mimi simo?"

"Mpenzi, sikiliza..."

"Unanionea haya, siyo?"

"Haya gani, Lachi? Mshahara wako ukijumlishwa na wangu tunavuka kiwango chao cha mapato, wanatufuta! Na kodi za mjini hatuziwezi. Mama hamalizi baridi hii garini!"

Ngaire alilia mpaka sauti ikamkauka.

Siku ya kukabidhiwa nyumba, Lachlan alikuja kubeba maboksi. Afisa wa shirika, bwana mpole, alimtazama.

"Na wewe kaka, utaishi hapa?"

Lachlan aliwahi kujibu kabla ya Ngaire.

"Hapana, bwana. Nasaidia maboksi tu."

Ngaire akasaini. Ndani, mama yake alikuwa amevua koti kwa mara ya kwanza tangu baridi ianze Mei. Afisa alipoondoka, Ngaire alimng'ang'ania Lachlan kifuani.

"Nioe hivyo hivyo."

"Nikikuoa, mama anarudi garini."

Akambusu kwenye paji la uso, akavuka barabara, akawasha gari lake apate joto.