Kochi la Watu Watatu

Kochi lilibonyea upande wa kushoto kabla mtu yeyote hajalikalia. Honorata aliliona hilo asubuhi ileile alipomaliza kulivisha ngozi, akadhani sponji ni mbovu, akamlaani kimoyomoyo aliyemuuzia. Aliupigapiga mto, ukainuka. Akaenda kumimina chai. Aliporudi, mto ulikuwa umebonyea tena, na juu ya ngozi nyeusi palikuwa na vumbi jeupe la jasi.

Lilikuwa kochi lake la kwanza la mtindo wa kiwandani, na nusu ya mji wa Same ilikuwa imeshalicheka. Miguu na mikono yake ni mabomba aliyoyatoa kwenye machimbo ya jasi yaliyoachwa kule Makanya. Kutu aliiacha, alama za kuchomelea aliziacha, nati zote zinaonekana. "Dada, hili utalimalizia lini?" wapita njia walimuuliza. Aliwaacha wacheke. Alilichora kwa miaka miwili, akalijenga kwa mikono yake mwenyewe uani kwake, na alikuwa amemwahidi baba yake kwamba yeye ndiye atakayelikalia wa kwanza.

Mzee Eliezeri, mzee wa kanisa kutoka Mamba, alishuka mlimani kuja kuishi na binti yake baada ya kufiwa na mkewe. Honorata hakuwa na mtu mwingine duniani. Kochi lilipoingizwa sebuleni, mzee alikaa katikati, akanyoosha miguu, akacheka kwa raha. Siku ya pili alikaa pembeni kidogo. Siku ya nne binti yake alimkuta amejibana kwenye bomba la mkono wa kulia, goti moja likining'inia nje.

"Baba, mbona umejibana hivyo? Kochi lote ni lako."

"Punguza sauti," mzee alinong'ona. "Mgeni wako anapumzika."

"Mgeni gani?"

"Si huyu uliyemkaribisha? Jina hajalisema, nami naona haya kumuuliza."

Hapo Honorata akakumbuka. Siku alipokuwa akichomelea mguu wa mwisho, saa saba mchana, jua la utosini, cheche zikiruka na uso wake umefunikwa na ngao, alisikia mtu akipiga hodi kwa sauti kavu. Alijibu bila kuinua kichwa, kama alivyofunzwa tangu utotoni: "Karibu! Karibu, kaa hapo kwenye kochi." Alipovua ngao, uani hapakuwa na mtu. Alidhani aliyekuja amechoka kungoja.

Tangu kochi lilipoingizwa sebuleni, kila ilipofika saa saba mchana, ngozi ya kochi ililia taratibu kama inavyolia mtu mzito anapojiweka sawa, na sebule ikajaa harufu ya chokaa mbichi na chuma kilichoungua. Kila siku shimo kwenye mto wa kochi lilizidi kupanuka kuelekea kulia, na kila siku mzee alizidi kusogea, akikonda, akihema kwa taabu kama mtu aliyebanwa mbavu na ukuta. Akiambiwa ahamie kitandani alikataa. "Siwezi kumwacha mgeni peke yake," alisema. Wazee wenzake wa kanisa walikuja, wakaomba, wakaimba. Mzee aliwashukuru, kisha akawasihi wasikae upande wa kushoto. Honorata alielewa kwamba nafasi ikiisha kwenye kochi lile, baba yake naye atakuwa ameisha.

Alikwenda Makanya kwa Bibi Saada, ambaye huwatibu watu bila kuwauliza dini.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Una vumbi la jasi begani."

Honorata alimweleza yote. "Nilichome moto, bibi?"

"Ukilichoma atahamia kitandani. Hakukaa kwa ajili ya chuma chako, amekaa kwa neno lako." Bibi Saada alishusha sauti. "Kesho saa saba mwambie unamsindikiza. Tembea mpaka ng'ambo ya reli, usigeuke nyuma. Atakuaga. Mjibu 'safari njema', uishie hapo. Ole wako umwambie karibu tena."

Kesho yake mzee alikuwa amesinzia ukingoni mwa kochi. Honorata alisema, "Mgeni, twende nikusindikize," kisha akatangulia nje haraka. Alivuka uani na barabara ya vumbi huku mchanga ukimchoma miguu, hapana mtu njiani wala mbuzi kivulini, na alipokaribia kukata tamaa akasikia nyuma yake nyayo nzito zikikanyaga pale pale alipokanyaga yeye, na ile harufu ya chokaa ikamjia shingoni kama pumzi, ikamfuata hatua kwa hatua mpaka reli, mpaka ng'ambo ya reli, mpaka miiba ilipoanza, na hapo nyayo zikasimama.

"Haya, mwanangu, mimi niishie hapa," ilisema ile sauti kavu. "Umenitunza. Kochi lako zuri."

Ulimi ulimwasha. Aliuuma mpaka akaonja damu. "Safari njema," alisema.

Harufu ikatoweka. Alirudi mbio, akamkuta baba yake amekaa katikati ya kochi, miguu ameinyoosha, anakunywa chai ya tangawizi na kuvuta pumzi nzima nzima. Honorata alipiga magoti, akamkumbatia, akalia kwa furaha.

"Usilie, mama. Kijana mwenye adabu yule," mzee alisema. "Ulipotangulia, yeye alirudi mlangoni kuniaga. Akaniamsha kabisa."

Honorata alimwachia. "Ukamwambiaje, Baba?"

"Ningemwambiaje mgeni anayeaga? Nikamwambia karibu tena."

"Naye?"

"Akauliza kochi linakaa watu wangapi. Nikamwambia watatu. Alifurahi sana. Ana ndugu zake wawili, kumbe."

Mzee aliweka kikombe chini, akainuka polepole, akaupangusa mto kwa kiganja, akaketi sakafuni na kuegemeza mgongo ukutani, kochi lote likabaki wazi. Ngozi ililia upande wa kushoto. Nje pakapigwa hodi, sauti kavu mbili kwa pamoja.

Honorata aliruka kumziba baba yake mdomo, lakini mzee alikuwa ameshaitika, kwa upole wake wa siku zote:

"Karibuni."