Jogoo wa Wakwe

Jerotich alikuwa mtu wa kuhesabu. Kila asubuhi, kabla ya kuweka chai motoni, alifungua banda na kuhesabu kuku wakitoka mmoja mmoja. Jioni aliwahesabu tena wakiingia. Binti yake Jepchumba akichelewa kutoka kazini Nakuru, Jerotich alihesabu dakika. Alikuwa mtu wa wasiwasi, na hakuona haya kusema hivyo.

Boma lao liko karibu na Salgaa, chini kidogo ya barabara kuu. Malori yananguruma huko juu mchana kutwa. Kuku wa Jerotich waliyazoea. Walichakura zao tangu jua linapochomoza.

Baadhi ya kuku hao ni kishingo. Kishingo ni kuku wa kienyeji asiye na manyoya shingoni. Ngozi iko wazi, nyekundu, kutoka chini ya kichwa mpaka kifuani. Asiyemjua hudhani ni mgonjwa. Lakini si mgonjwa. Amezaliwa hivyo, na jua kali halimsumbui.

Jerotich alipoolewa, mama mkwe wake alimpa mitetea wawili wa kishingo na jogoo wao. "Hawa watakusaidia kulea watoto," alimwambia. Na kweli, mayai yao yalinunua vitabu na sare za shule. Miaka ile walijaa boma zima. Sasa walikuwa wamebaki mitetea watatu na jogoo mmoja tu.

Jogoo huyo aliitwa Meneja. Alikuwa mrefu na mzito, na alitembea akikagua kila kitu. Alikagua ndoo, akakagua jembe, akakagua hata viatu vya wageni.

Jumatano jioni, Kibii, mume wa Jerotich, aliingia akitabasamu.

"Wakwe wanakuja Jumamosi," alisema. "Wazazi wa Thuo wanatoka Molo kuja kuona kwetu."

Thuo ndiye kijana aliyetaka kumwoa Jepchumba. Jerotich akaanza kuhesabu vikombe kichwani.

"Na tutawapikia nini, Baba Jepchumba?"

"Si Meneja yuko? Nimeshawaambia kwa simu. Nimesema mtakula jogoo kama ndama."

"Meneja? Huyo ndiye jogoo wa mwisho wa kuku wa mama yako."

"Basi mama atafurahi. Na kazi ni rahisi, shingo ameshajinyonyoa mwenyewe." Kibii alicheka mpaka akakohoa.

Jerotich hakucheka. Katika boma lile, mgeni alichinjiwa jogoo mkubwa kuliko wote. Ilikuwa hivyo tangu zamani. Nani angeanza uchoyo siku ya wakwe?

Alhamisi asubuhi alikuja Adero, jirani anayechanja kuku pale kijijini. Alifundishwa na watu wa mifugo. Hutembea na kikasha cha barafu begani, na ndani kuna chanjo ya ugonjwa wa kideri. Kideri ukiingia bomani bila chanjo, unaweza kumaliza kuku wote kwa siku chache. Kwa hiyo Adero huja kila baada ya miezi mitatu na kumtilia kila kuku tone moja jichoni.

"Nishikie huyo mkubwa, Mama Jepchumba," alisema.

Jerotich akamshika Meneja. Adero akamtilia tone, kisha akamgeuza na kumtazama shingo kwa makini.

"Unajua una nini hapa?"

"Nina kitoweo cha Jumamosi," Jerotich alijibu.

Adero akaweka kichupa chini. "Ngoja kwanza. Krismasi iliyopita mlichinja jogoo gani?"

"Mkubwa."

"Na pasta alipowatembelea?"

"Mkubwa."

"Halafu ni nani aliyebaki na mitetea?"

Jerotich alifikiri. "Vijogoo vidogo vidogo. Na yule wa jirani anayeruka ua."

"Na huyo wa jirani, shingo yake ikoje?"

"Ana manyoya mpaka miguuni."

"Sasa unaona kishingo walikoenda. Mmewala." Adero alisema bila ukali. "Niambie, mahindi ya mbegu mnachagua yapi?"

"Yale makubwa. Tunayatundika jikoni juu ya moshi."

"Mgeni akija, mnayachoma?"

"Hata siku moja."

"Basi jogoo mzuri ni hivyo hivyo. Mgeni apewe mwingine."

Kisha akamwonyesha kitu. Mitetea wake watatu walikuwa na kishada kidogo cha manyoya mbele ya shingo. Meneja hakuwa nacho. Shingo yake ilikuwa wazi kabisa.

"Mwenye kishada amerithi shingo hii kwa mzazi mmoja tu," Adero alieleza. "Vifaranga wake wengine watatoka na manyoya. Asiye na kishada amerithi kwa baba na kwa mama. Huyu hata ukimpa mtetea mwenye manyoya, watoto wote watatoka kishingo. Rangi isikudanganye, angalia shingo."

Jioni ile Jerotich alimweleza mumewe yote. Kibii alitikisa kichwa.

"Nimeshatoa neno langu. Unataka wakwe wanione mchoyo? Wanione nimewapa vijogoo vya miezi sita?"

"Viwili. Na nyama yake ni laini."

"Tutaona."

Ijumaa Jerotich alihesabu kuku mara tano.

Jumamosi asubuhi Kibii alishuka bandani na kisu. Akamkuta Jerotich amesimama mlangoni, kanga kiunoni.

"Baba Jepchumba, tumeishi pamoja miaka ishirini na sita. Sikumbuki kama nimewahi kukukatalia kitu. Leo nakukatalia hiki kimoja."

Kibii alitazama kisu, akamtazama mkewe. Nyuma yake Jepchumba alikuwa anapita na ndoo ya maji.

"Baba, chukua wale wawili wadogo," alisema. "Kama Thuo ataniacha kwa sababu ya supu, ni afadhali tujue mapema."

Kibii hakuweza kujizuia. Alicheka. Wakachinjwa wale wawili.

Wakwe walifika saa sita, na gunia la viazi vya Molo. Mzee Naftaly, baba ya Thuo, alikula akaongeza. Mkewe, Mama Njoki, alisifu mursik, maziwa yaliyogandishwa kibuyuni. Lakini Kibii hakutulia kwenye kiti.

"Wakwe, mtatusamehe," alianza. "Nilikuwa nimesema jogoo mkubwa..."

Wakati huo huo Meneja aliingia uani. Akaenda moja kwa moja kwa Mzee Naftaly na kuanza kukagua viatu vyake.

Mama Njoki akaweka kikombe chini.

"Kishingo," alisema polepole. "Sijamwona huyu tangu nikiwa msichana. Mama yangu alikuwa nao wengi."

"Walienda wapi?" Jerotich aliuliza.

"Wa mwisho tulimla siku ya uchumba wangu. Alikuwa mkubwa kuliko wote."

Kibii akakohoa, akakaa wima.

"Huyu wetu hachinjwi," alisema. "Ni wa mbegu. Umeona hapa shingoni, mkwe? Hana kishada. Amerithi kwa baba na kwa mama."

Jerotich aliinamia sufuria ili wasimwone akicheka.

Baada ya hapo mambo yalibadilika. Kibii aliinua ua ili jogoo wa jirani asiruke tena. Meneja na mitetea bora walifungwa uzi mwekundu mguuni, ili hata mgeni akija ghafla wasichinjwe kimakosa. Walingoja wiki tatu mbegu ya jogoo wa nje iishe mwilini mwa mitetea, ndipo wakaweka mayai kwa mtetea aliyetaka kuatamia. Siku ya ishirini na moja vifaranga walitoka kumi na mmoja. Jerotich alihesabu shingo. Zote kumi na moja zilikuwa wazi.

Wewe unayesoma, usingoje kama Jerotich. Nenda bandani kwako leo umtazame jogoo wako. Kama ni mmoja tu aliyebaki wa aina yake, mfunge uzi kabla simu ya wageni haijalia.

Mwaka uliofuata mabinti wa Meneja walikomaa. Adero akasema jogoo asipande binti zake, watoto huwa dhaifu. Akawatafutia wengine kwa mfugaji wa Mogotio: jogoo kishingo na mitetea wawili. Hao watatu wakakaa peke yao wiki tatu katika banda la pembeni, wasije wakaleta ugonjwa, kisha wakachanjwa.

"Jogoo mgeni atabaki hapa," Kibii alisema. "Na Meneja?"

Jerotich alikuwa ameshafikiria.

Siku Jepchumba alipoolewa Molo, Kibii alibeba tenga mwenyewe kutoka kwenye gari. Ndani mlikuwa na Meneja na mitetea wale wawili wa Mogotio. Kwa sababu Molo ni baridi, Mama Njoki alikuwa ametengeneza banda lisilopitisha upepo, lenye nyasi kavu sakafuni. Alifungua tenga kwa mikono miwili. Meneja akatoka, akajikung'uta, akaanza kukagua viatu.

"Wakwe," Kibii alisema, "niliwaahidi jogoo mkubwa. Amechelewa kidogo, lakini amefika."