Kidole cha Kazija

Trei tupu za mayai zilimponyoka Kazija mlangoni mwa soko la Darajani, saa nne ya asubuhi, siku ya Jumamosi, pale ambapo watu hupita kwa kusukumana mabega. Zilikuwa ishirini na mbili, na uzi aliozifungia ulikatika ghafla. Alipoinama kuziokota, mtandio wake wa zambarau ukaanza kumteleza juu ya baibui, akawa hajui ashike kipi aache kipi. Mwanamme mmoja mrefu, shati lake jeupe limenyooka kwa pasi, aliweka chini kikapu chake cha samaki akaanza kumsaidia.

"Kuku wako wamegoma?" aliuliza.

Kazija alimjibu kuwa hana kuku. Yule mwanamme alizitazama trei, kisha akamtazama yeye.

"Basi unarikodi nyumbani. Unataka kuzibandika ukutani zizuie mwangwi."

Kazija alicheka hata akasahau mtandio.

Mwanamme huyo aliitwa Ubwa. Alisomesha hesabu katika skuli moja ya mjini, na jioni alipiga fidla katika kilabu ya taarab karibu na Vuga. Kazija aliuza katika duka la dawa Mlandege, na aliishi na dada yake Khairat ghorofa ya nne, katika majumba ya Michenzani. Gita alilokuwa nalo aliachiwa na marehemu baba yake, na ndiye aliyemfundisha.

Wiki haikwisha ila walikuwa wakipigiana simu kila alasiri. Kazija akimtumia nyimbo zake, na Ubwa akizisikiliza akisahihisha madaftari.

"Nshakula, nshaswali, nimebakia kungojea gita tu," alikuwa akimwambia.

"Mwalimu mzima, huna haya?"

"Haya niliziacha Darajani, siku niliyookota trei za mtu nisiyemjua. Lakini laazizi, mbona nyimbo zako zote zinaondoka bila ya kuaga? Sauti inafifia tu, mara kimya."

Kazija aligeuza mazungumzo. Hakutaka kumweleza jinsi nyimbo zile zilivyotengenezwa. Zamani, baba yake alipokuwa hai, alikuwa hamruhusu kusimama katikati ya wimbo. Akikosea, aliendelea hivyo hivyo mpaka mwisho. Lakini tangu anunue maikrofoni na kompyuta, miaka miwili sasa, alikuwa akipiga kipande kidogo tu, mara thelathini, akachagua kilichotoka vizuri, akakiunga na chengine. Akipata kipande kitamu alikirudia na kukirudia, na huo ukawa ndio wimbo. Palipohitaji mwisho aliteremsha sauti. Waliomsikia walidhani ni fundi mkubwa.

Ubwa naye alidhani hivyo, na hakukaa nalo moyoni. Aliwasikilizisha wenzake wa kilabu, wakamtaka Kazija aje mazoezini.

"Jumapili baada ya alasiri, njoo na gita," alimwambia. "Na mama atakuja. Anataka kukuona."

Kazija alielewa maana ya kuonwa na mama. Jumamosi mchana alijifungia chumbani, akazima kompyuta, akajaribu kuupiga wimbo wake mwenyewe tangu mwanzo. Alipofika mwisho wa kipande cha kwanza, vidole vilisimama, kama vinavyongoja mtu abonyeze kitufe. Akaanza tena, vikasimama palepale. Alijaribu mara kumi na moja. Mara ya kumi na mbili hakuanza, alichukua simu.

"Ubwa, nimebanwa na mlango. Kidole cha shahada, mkono wa kushoto."

Uwongo ulimtoka kwa wepisi kiasi kwamba yeye mwenyewe alikitazama kidole. Kisha akakizungushia bandeji. Khairat, aliyekuwa akikunja nguo kitandani, alimuuliza jambo moja tu: kitapona lini.

Jumapili, badala ya Kazija kwenda kilabu, Bi Mwatima, mama yake Ubwa, alikuja Michenzani. Alipanda ngazi zote zile na magoti yake mabovu, mkononi ana chupa ya mafuta ya karafuu na kijaluba cha manjano. Kazija alimwamkia shikamoo, naye akaitikia marahaba mwanangu, akakaa, akakifungua kidole kwa taratibu kama anayefungua kitoto kichanga. Alikisugua kwa mafuta, akakisomea Fatiha, akakipulizia. Machozi yalimtiririka Kazija. Bi Mwatima alidhani ni maumivu, akasugua polepole zaidi.

Jumanne, siku yake ya mapumziko, alivua bandeji akarikodi. Haya alikuwa nazo, lakini mwanzo mpya wa wimbo ulimjia kichwani na mikono ikakataa kutulia. Jioni alikifunga tena kidole, akamtumia Ubwa, akamwandikia kuwa ni wa mwaka jana, aliukuta kwenye kompyuta.

Ubwa alipiga simu Alkhamisi, Kazija yuko dukani.

"Kazija, wimbo ule ni wa mwaka jana?"

"Naam, wa mwaka jana."

"Nimeusikiliza kwa hedifoni. Nyuma ya gita linasikika tangazo la msikitini, la msiba wa Mzee Nahodha. Mzee Nahodha kafa usiku wa kuamkia Jumanne. Nilikwenda kumzika. Wewe kidole kimefungwa, hata kikombe hushiki. Basi nani alikuwa akipiga gita chumbani kwako?"

Mbele ya Kazija alisimama mama mmoja akingojea dawa ya kikohozi. Masikio yalimwaka moto. Hata sasa Ubwa alikuwa hajakitilia shaka kidole. Alikiamini kiasi cha kuona ni afadhali kuamini kwamba pana mwanamme.

"Ntakueleza," alisema.

"Nieleze."

Kazija alimpa mama yule dawa yake, akahesabu chenji. Ubwa alingoja, kisha akakata simu, na tangu hapo hakupokea tena.

Khairat alimwonea huruma, akamshauri aseme kuwa mpigaji alikuwa yeye Khairat. Kazija alimtazama dada yake, ambaye gita hata kulishika hajui, akaona jinsi uwongo wa tatu ulivyokuwa mwepesi kama ule wa kwanza. Akaogopa.

Ijumaa, watu walipotoka msikitini, alikwenda Kikwajuni, nyumbani kwa Bi Mwatima, gita begani. Ubwa alikuwepo, bado na kanzu. Kazija hakukaa alipokaribishwa. Alisimama katikati ya chumba, akaifungua bandeji mpaka ikaisha, akanyoosha mkono.

"Hakijapata kubanwa," alisema. "Chumbani nilikuwa peke yangu. Wimbo mzima siwezi kuupiga, naunga vipande. Niliona haya mje mnijue, nikasema uwongo."

Bi Mwatima alikishika kidole, akakigeuza huku na huku.

"Na yale machozi?"

"Yalikuwa ya haya, Bi."

"Mimi nilipanda ngazi zile zote," alisema mama yule. Kazija alitamani angetukanwa.

Ubwa alitoka nje bila ya kuaga. Bi Mwatima aliliangalia gita kwa muda, kisha akamwambia apige hivyo anavyoweza. Kazija akapiga. Alisimama mara mbili, akakosea mara nyingi asizoweza kuzihesabu, na alipofika pasipo na kitu tena mbele, akanyamaza.

"Haujesha huo," alisema Bi Mwatima.

"Haujesha, Bi."

Ubwa hakumpigia kwa wiki tatu. Kazija alikwenda kilabu mwenyewe, akaeleza alichokifanya, akaomba akae nyuma pamoja na wanaojifunza. Nyumbani alirikodi kila siku mara moja tu, wimbo mzima, bila ya kuunga. Kisha akakaa kuusikiliza na makosa yake yote, uso ameufunika kwa mto. Kule kilabu, Ubwa alikaa mbele na fidla yake, wala hakugeuka.

Aligeuka Jumapili ya nne. "Waya wako wa pili umeshuka," alisema, akampigia sauti ya kufuatia. Walipomaliza mazoezi alimngoja mlangoni.

Walipofika barabara kuu, Ubwa akasema, "Mie nilikuwaza na mwanamme. Siku nzima na usiku wake. Ulipokuja kusema kweli, nilishindwa kukutazama kwa sababu hiyo. Nisamehe."

"Nilikufungulia njia mwenyewe."

"Hata hivyo."

Walisimama ukutani kuzipisha vespa. Ubwa alimuuliza kama bado anaruhusiwa kuwatuma wazee wake.

"Waje," alisema Kazija. "Lakini wajue kwanza nilichofanya."

"Mama nshamwomba asimwambie mtu."

"Mwombe aseme. Sitaki kuposwa na watu wasionijua."

Ubwa akatoa simu akampigia baba yake mkubwa palepale. Akaanza na habari ya mlango ambao haukubana kidole. Kazija alisimama kando yake, uso unamwaka, akasikiliza mpaka neno la mwisho.