Sufuria ya Mama Mkwe

Rafiki yangu Bun-rye alinisimulia haya akiwa ameinamisha uso. Siku ya kumwekea marehemu mama mkwe wake chakula cha kumbukumbu, alipasha wali wa pakiti, akamdanganya mumewe kwamba ameupika mwenyewe. Kisha akaibeba sufuria ya umeme ya yule bibi, ile ya kupikia wali inayotoa maagizo kwa sauti ya kike, tupu na kavu, kwenda kuitupa.

"Inanisemasema kama mama mkwe mwenyewe!" alinilalamikia siku zote.

"Angalau hii ina kitufe cha kuizima," nilimjibu.

Ndani ya lifti taa ikazimika. Gizani ile sufuria, waya wake umezungushwa kiunoni, ikasema: "Wali umeiva. Tafadhali koroga."

"Nisamehe, Mama," Bun-rye akanong'ona. "Uvivu tu."

Taa ikarudi. Akafunua. Wali ulikuwa ukifuka mvuke, na katikati kijiko kimesimama wima, kama tunavyowasimamishia wafu wetu.