Kiatu Kimoja cha Ndugu Ranieri

Ndugu Ranieri alikutwa kifudifudi kando ya barabara ya Komo, kisogo kimepasuliwa kwa jiwe. Damu ilikuwa haijakauka, na tayari akina mama walikuwa wanachovya vitambaa humo. Mhubiri aliyewakosesha wazushi, wapotoshaji wa dini, usingizi Lombardia nzima sasa ni mfiadini.

Guidotto, mpelelezi wa mahakama, aliwatawanya. "Jamani, mnanifutia ushahidi."

Akaikagua maiti. Mguu wa kulia ulikuwa na kiatu, kamba imekazwa vizuri. Wa kushoto ulikuwa mtupu, umejaa vumbi, na kiatu chake kimelala pembeni.

Watawa hawa husafiri wawili wawili. Mwenzi wa marehemu, Ndugu Oberto, alikuwa amekaa kwenye gogo.

"Ilikuwaje, Ndugu?"

"Tulikuwa tunatembea. Wazushi wawili wakatuvamia kutoka vichakani."

"Hamkusimama mahali?"

"Hata kidogo."

"Ninyi njiani si mnakwenda pekupeku, viatu mkononi?"

"Ndiyo kanuni yetu."

"Mnavivaa wapi?"

"Tukikaribia kuingia kijijini."

"Basi huyu alikaa chini akaanza kuvaa. Komo bado mwendo wa nusu siku. Nyuma ya kilima hiki kuna kijiji cha Roncalto peke yake. Ni kwao nani kati yenu?"

Oberto aliinamisha kichwa.

"Kwetu. Mama amezikwa pale. Alipokuwa anakata roho aliwaita wazushi wamwombee. Mimi mwenyewe nilimwambia Ranieri, nikidhani atanifariji. Akasema lazima afukuliwe, mifupa ichomwe uwanjani, leo hii. Nimemsihi njia nzima. Alipokaa kuvaa kiatu, nikajua tumefika. Mdomo wangu ndio uliomponza mama, Bwana. Na Ranieri, aliyenifundisha kusali, nimemuua kwa mkono huu."

Guidotto alikunjua karatasi ya maelezo. Mahakama hutaka sababu.

"Nitanyongwa, sina ubishi," Oberto alisema. "Ila andika nilimwonea wivu. Ukimtaja mama, kesho watamfukua."

"Unataka niidanganye mahakama chini ya kiapo?"

"Nataka mama alale."

Guidotto alikuwa mtu wa kujisifu kwamba hajawahi kupindisha shauri. Alimtazama maiti na mguu wake mmoja mtupu, akamwonea aibu, akachovya kalamu. Akaandika: wivu.

Oberto alinyongwa wiki hiyohiyo. Kila Pasaka Guidotto huenda kuungama, hutaja dhambi zake zote, na akifika kwenye uongo ule mmoja huumeza.